Maswali na majibu: Msimu wa 1955, Vukovich, Sweikert na Bryan

Maswali ya safari hii yanahusu mbio za magari za ubingwa wa Marekani za mwaka 1955, msimu wa mwisho chini ya AAA, chama kilichokuwa kikizisimamia. Nimeyapanga kuanzia lililoulizwa na wengi.

Je, ni kweli Rodger Ward ndiye aliyesababisha kifo cha Bill Vukovich?

Hapana, na ningependa lawama hii iishe. Vukovich, kijana wa Fresno, California, alikuwa ameshinda Indianapolis 500, mbio kubwa za maili 500 (mizunguko 200), mwaka 1953 na 1954. Tarehe 30 Mei 1955 alikuwa akiwinda ushindi wa tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna dereva aliyewahi kulifanya pale. Mpinzani wake mkubwa, Jack McGrath, alitolewa na hitilafu ya magneto, kifaa kinachotoa cheche za kuwasha injini, na Vukovich akabaki mbele peke yake. Katika mzunguko wa 57 alikuta mbele yake madereva waliokuwa nyuma kwa mzunguko mzima au zaidi. Ekseli ya gari la Ward, mmoja wa madereva hao, ilivunjika wakati akitoka kona ya pili, gari likapinduka. Al Keller alikwepa, akashindwa kulidhibiti gari lake na kumgonga Johnny Boyd, na gari la Boyd likasukumwa hadi kwenye njia ya Vukovich. Kwa mwendo ule hakuwa na pa kupita. Gari lake liliruka ukuta wa nje, likaanguka na kuwaka moto.

Chuma kilivunjika, dereva hahusiki. Ward mwenyewe alikuja kushinda mbio hizohizo mwaka 1959 na 1962. Na kuna mtu asiyetajwa vya kutosha: Ed Elisian. Alisimamisha gari lake katikati ya mashindano, akashuka na kukimbia kwenda kumsaidia Vukovich. Alijua kwamba kwa kufanya hivyo mbio zake zimekwisha. Kwangu hilo ndilo tendo kubwa la siku ile.

Basi Bob Sweikert alishinda kwa bahati tu?

Nakataa kabisa. Ni kweli kwamba Vukovich alikuwa akiongoza, lakini kilichotokea katika mzunguko wa 57 hakikumwendeshea Sweikert mizunguko 143 iliyobaki. Gari lake, mali ya John Zink, lilitunzwa na fundi hodari A. J. Watson, ambaye alilazimika kurudi nyumbani California kwa sababu za kifamilia kabla ya siku ya mbio. Sweikert, aliyekuwa fundi pia, akaiunga injini ya Offenhauser mwenyewe, kisha akaliendesha gari maili 500 kwa wastani wa maili 128 kwa saa. Mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa taifa, na ule wa magari madogo ya sprinti (ya mbio fupi) wa kanda ya Midwest. Hakuna mwingine aliyewahi kuyapata yote matatu katika mwaka mmoja. Aliuawa Juni 1956 katika mbio za sprinti huko Salem, Indiana, na nadhani kifo hicho cha mapema ndicho kinachofanya jina lake lisahaulike.

Jimmy Bryan alishinda mbio sita mwaka ule. Ilikuwaje akakosa ubingwa?

Pointi zilifuata urefu wa mbio. Mshindi wa maili 100 alipata 200; mshindi wa Indianapolis alipata 1,000. Ushindi wote sita wa Bryan, kuanzia Langhorne ya Pennsylvania hadi Phoenix, ulikuwa wa maili 100 kwenye viwanja vya udongo, na Indianapolis gari lilimharibikia. Sweikert alishinda mara mbili tu, Indianapolis na Syracuse, lakini alikuwa akimaliza nafasi za juu karibu kila mahali. Hesabu ni halali. Hata hivyo, kwenye udongo nisingemweka dereva yeyote wa mwaka ule mbele ya Bryan.

Matokeo ya Indianapolis yaliingia kwenye ubingwa wa dunia wa madereva?

Ndiyo, kuanzia 1950 hadi 1960. Madereva wa Ulaya hawakwenda kwa wingi. Alberto Ascari, dereva wa Italia, alijaribu na Ferrari mwaka 1952.

AAA walifanya vyema kujitoa kwenye usimamizi wa mbio?

AAA ni chama cha wenye magari, na kazi yake ya kila siku ni kuwahudumia watu wanaosafiri barabarani. Mwaka 1955 kilizidiwa. Manny Ayulo alikufa Mei katika mazoezi ya Indianapolis, akafuata Vukovich. Tarehe 11 Juni katika mbio za Le Mans, Ufaransa, gari liliruka na kuua watazamaji zaidi ya 80. Julai akafa Jerry Hoyt, aliyeanza wa kwanza Indianapolis. Agosti AAA wakatangaza kwamba msimu ukiisha watajitoa, na katika mbio za mwisho, Phoenix, akafa McGrath.

Ninaelewa hofu yao, ila uamuzi wao haukumlinda dereva hata mmoja. Tony Hulman, mmiliki wa uwanja wa Indianapolis, na wenzake waliunda USAC, chama kipya cha kusimamia mbio, na mwaka 1956 mbio ziliendelea kwa magari yaleyale na madereva walewale waliovaa fulana za mikono mifupi. Nondo ya kumkinga dereva gari linapopinduka ilikuja kuwa lazima mwaka 1959.