Kiuno cha 2尺4 ni sentimita ngapi?

SWALI: Nauza nguo Kariakoo. Muuzaji wa Guangzhou amenitumia orodha ya suruali, kiuno kimeandikwa 2尺4. Nikasoma inchi 24, ila yeye anashikilia kuwa ni suruali za watu wazima. Nani kakosea?

JIBU: Umekosea wewe. Alama 尺 ni chi, futi ya Kichina, na ndani yake mna cun (寸) 10, si 12 kama futi tuliyoizoea. Kwa hiyo 2尺4 ni cun 24. Tangu 1930 chi ya China bara ni theluthi ya mita, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: zidisha cun kwa 10, gawanya kwa 3. Hapo 24 inakuwa sm 80, sawa na inchi 31 na nusu. Inchi 24 ni sm 61 tu, kiuno cha mtoto. Kutoka sentimita kwenda cun, zidisha kwa 3, gawanya kwa 10.

Usiikate chi iwe sm 33. Kwenye kiuno hutaona tofauti, lakini chi 300 za kitambaa ni mita 100 kamili. Kwa 33 utaandika 99, na mita moja imeshapotea.

Angalia pia herufi iliyotangulia. 英寸 ni inchi yetu hii hii, ya Kiingereza. 公尺 ni mita na 公分 ni sentimita, ingawa 分 ikiwa peke yake ni sehemu ya kumi ya cun, yaani milimita 3.3. Herufi moja ikidondoka kwenye ujumbe wa simu, kipimo kinakuwa kingine kabisa.

Futikamba za China nazo huponza mafundi. Upande mmoja ni sentimita, wa pili huenda ukawa cun. Tazama penye sm 150: ng'ambo yake pakiwa 45, hizo ni cun, pakiwa 59, ni inchi.

Mzigo ukitoka kwingine, kanuni ya theluthi haifai. Hong Kong chi (wao husema chek) ni inchi 14 na 5/8, yaani sm 37.15, Taiwan hufuata kipimo cha Kijapani, sm 30.3. Hiyo 2尺4 yako ingekuwa sm 89 kwa Hong Kong na sm 73 kwa Taiwan. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji apige picha suruali moja imelazwa, futikamba juu ya kiuno, upande wa sentimita ukionekana. Utakachosoma hapo ni nusu ya mzunguko: sm 40 ndiyo 2尺4.