Ukijenga kituo cha kufundishia kilimo cha mjini, anza na maji

Mara ya kwanza nilipochora ramani ya kituo cha kufundishia kilimo cha mjini, hapa Dar es Salaam, nilianza na darasa. Nilichora ukumbi wa watu arobaini, ofisi na stoo, kisha matuta nikayabana nyuma, kwenye nafasi iliyobaki karibu na ukuta. Nikaipeleka karatasi kwa mama mmoja ambaye amelima mchicha mabondeni kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama ile ramani kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Maji yanatoka wapi, mwanangu?"

Sikuwa nimechora hata bomba moja.

Tangu siku hiyo, kila anayeniomba ushauri wa kujenga kituo cha namna hii namwuliza swali la yule mama kabla ya jingine lolote. Watu huwa na haraka ya kuzungumzia jengo kwa sababu jengo linaonekana na wafadhili wanapenda kulipiga picha. Lakini mwanafunzi wa kilimo cha mjini anakuja kujifunza namna ya kulima mahali penye eneo dogo, maji ya mgao na udongo wa mashaka. Kituo chenyewe kikishindwa mambo hayo matatu, hakuna somo la ubaoni litakalomsaidia.

Sisi tulichimba kisima kabla ya kupima chochote. Maji yalitoka mengi, tukashangilia. Wiki ya tatu maharage yakaanza kukauka kingo za majani kana kwamba yamepitiwa na moto, na juu ya udongo ukajitokeza utando mweupe. Ilikuwa chumvi. Sehemu nyingi za Dar es Salaam, hasa zilizo karibu na bahari, visima vina chumvi, na mimi nilikuwa najua hilo kwa kuonja chai za majirani, ila sikulifikiria shambani. Mchicha ulivumilia, maharage hayakuvumilia. Kwa hiyo, kabla hujanunua hata mita moja ya bomba, peleka chupa ya maji maabara ukapimiwe chumvi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kisima ambacho sasa tunakitumia kwa choo na kuoshea majembe.

Tukageukia mvua, na hapo ndipo hesabu ilipotufundisha. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati inakupa lita 1. Paa letu ni mita 8 kwa 10. Mvua nzuri ya milimita 20 ina lita 1,600 juu ya paa hilo, na ukitoa zinazomwagika na zile za kwanza zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege, unabaki na 1,300 hivi. Tangi la lita 5,000 hujaa kwa mvua nne za namna hiyo. Wakati wa masika utaona maji ni ya kumwaga. Sasa njoo kiangazi: matuta ya mita za mraba 100 yakiachwa wazi juani yanaweza kunywa lita 500 kwa siku, maana mchanga wetu hupitisha maji kama chujio. Tangi zima limekwisha kwa siku kumi, na kati ya Juni na Septemba mvua ni haba.

Nilikuwa nimepanga matuta 24. Tukabaki na 10, yote yamefunikwa kwa matandazo ya nyasi kavu, na tukaongeza tangi la pili. Wengine walisikitika kuona eneo tupu. Mimi naona ndiyo sehemu ya kituo inayofundisha kuliko zote, kwa sababu kila mgeni huuliza kwa nini hatukulima pale, na jibu ni ile hesabu ya bati na tangi, ambayo anaweza kwenda kuifanya kwake jioni hiyohiyo.

Udongo nao usiuamini kwa macho. Mwaka 1999 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wao kuhusu metali nzito katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Tangu hapo suala la risasi na kadimi, metali zenye sumu, kwenye mboga za mabondeni halijaisha. Sisemi wakulima wa bondeni waondolewe, wao ndio wamelilisha jiji hili mchicha kwa miongo mingi. Nasema anayefundisha ana dhamana kubwa zaidi. Kama eneo lako liko karibu na mto unaopokea maji ya viwanda, gereji ya zamani au mahali palipokuwa dampo, pima udongo, na ukiwa na mashaka usipande ardhini. Tumia magunia yaliyojazwa udongo wa mahali salama na mboji. Wakazi wa Kibera, Nairobi, wamelima sukuma wiki kwa magunia kwa miaka mingi: unasimamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, unalijaza kokoto, unazungushia udongo, unalivuta kopo juu na kujaza tena, hadi upate nguzo ya mawe inayopeleka maji mpaka chini. Miche unaipanda juu na kwenye matundu ya ubavuni. Mtu aliyepanga chumba kimoja anaweza kuwa na gunia mlangoni. Hatuna haki ya kumfundisha mtu huyo kwa matuta ya mita ishirini tu.

Upande wa jua nilikosea pia. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita jua la adhuhuri liko kaskazini. Stoo yetu yenye kimo cha mita nne tuliijenga kaskazini mwa kitalu, na katika miezi hiyo hutupa kivuli cha zaidi ya mita mbili saa sita mchana. Miche ikarefuka na kulegea. Weka majengo na miti mirefu kusini, au geuza kivuli kiwe na kazi: chini yake panafaa benchi za wanafunzi.

Vipimo vya matuta ni jambo fupi. Upana usizidi mita 1.2, mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga. Njia kuu ipitishe toroli na kiti cha magurudumu.

Biwi la mboji liweke mbele, karibu na lango. Wengi hulificha nyuma kwa kuogopa harufu, lakini biwi lililopangwa vizuri, makavu kwa mabichi, angalau mita moja kila upande, halinuki. Tumechomeka kijiti katikati yake. Anayeingia tunamwambia akichomoe na akishike: akikuta kina joto kali anaelewa kwamba mle ndani kuna kazi inafanyika. Maganda yanatoka kwa mama lishe wa jirani, nao hulipwa kwa ndoo za mboji.

Ratiba ifuate maisha ya watu. Sisi tulianza saa nne asubuhi, wakaja wachache. Tulipohamia saa moja, kabla ya jua kali na kabla ya biashara, wanawake wakajaa, wakiwa na watoto. Kwa hiyo tenga kona ya kivuli kwa watoto tangu kwenye ramani. Na eneo lenyewe lipate maandishi. Eneo letu la kwanza tulipewa kwa mdomo, na lilipouzwa tuliondoka na magunia tu.

Darasa tulikuja kulijenga mwisho, dogo, halina kuta. Mfumo wa shamba darasa ulioanza mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga wa Indonesia, wakati dawa zilipokuwa zikiua wadudu rafiki na kuacha waharibifu wakiongezeka, ulisimama juu ya jambo moja: mkulima aangalie mwenyewe, alinganishe, aamue. Nasi tuna matuta mawili pembeni mwa zile benchi. Moja lina mboji na matandazo, la pili ni mchanga mtupu kama tulivyoukuta. Yote yamepandwa mchicha siku moja, yanapewa ndoo sawa za maji. Baada ya wiki nne wanafunzi wanavuna kila tuta peke yake, wanapima kwenye mizani ya dukani, na mmoja wao anaandika kilo kwenye daftari linaloning'inia kwenye nguzo.