Wasomaji Wanauliza: Je, Hospitali ya Kesho Itakuwa na Vitanda?

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Mimi ni mkulima. Nimesikia redioni kwamba miaka ijayo hospitali kubwa zitapungua na wagonjwa watatibiwa nyumbani kwa simu na mashine. Kituo chetu cha afya kiko mbali na mke wangu ana ujauzito wa miezi saba. Je, mabadiliko hayo yanatuhusu sisi, au ni ya nchi za wenzetu?
Msomaji, Nzega

JIBU: Marahaba mwanangu. Uliyoyasikia si uzushi. Katika jimbo la Missouri, Marekani, tangu mwaka 2015 kuna jengo la hospitali lisilo na kitanda hata kimoja: madaktari na wauguzi hukaa mbele ya skrini wakiwafuatilia wagonjwa waliolazwa katika hospitali nyingine au waliobaki majumbani kwao. Uingereza nayo ina wodi za mtandaoni, ambamo mgonjwa hubaki kitandani kwake akiwa na vifaa vya kupimia oksijeni na mapigo ya moyo, na wahudumu hufuatilia vipimo hivyo wakiwa mbali. Hata hivyo, wenzetu wanahangaika na wodi zilizofurika na gharama ya kumlaza mtu, ilhali wewe unahangaika na umbali. Mabadiliko yatakayokufaa ni yale yanayoupunguza umbali huo.

Sisi wakunga tulifundishwa kwamba mama mjamzito hupotea kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Nilipokuwa kazini katika kituo cha afya cha kijijini, usiku mmoja nilikuwa na mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nilimchoma oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, nikakanda mfuko wa uzazi, nikamwekea dripu mikono yote miwili, lakini gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa nje bila mafuta. Shemeji yake alizunguka na dumu la lita tano akiomba dizeli kwa wenye mashine za kusaga, akiwagongea mlango mmoja baada ya mwingine. Mama yule alipona, ila tangu usiku ule kila ninapoelezwa habari za chombo kipya cha tiba hujiuliza kwanza kingetusaidia nini kabla dumu lile halijarudi.

Kwa kipimo hicho, badiliko ninalolithamini kuliko yote ni mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ambao tangu mwaka 2022 umekuwa ukienezwa Tanzania kote. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Mratibu humuuliza maswali yaliyopangwa ili kujua uzito wa hali ya mama na kituo anachostahili kupelekwa, kisha hutuma gari la wagonjwa, na kama halipatikani humwita dereva wa jirani aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa njia ya simu baada ya kumfikisha. Tafiti za kitaifa zilionesha vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na vifo 104 mwaka 2022. Sitaki kukudanganya kwamba usafiri peke yake ndio uliofanya kazi hiyo, kwani wakati takwimu za mwisho zinakusanywa mfumo huu ulikuwa bado mchanga katika mikoa mingi, na kabla yake vituo vingi vya afya vilikuwa vimejengewa vyumba vya upasuaji. Lakini chumba cha upasuaji hakimfai mama aliyekwama njiani, na hapo ndipo simu ile inapookoa.

Akishafika, anahitaji damu. Majirani zetu wa Rwanda walianza Oktoba 2016 kusafirisha damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga. Ndege hiyo haitui hospitalini: hushuka chini kiasi, hufungua tumbo lake, na sanduku jekundu la karatasi ngumu huteremka likining'inia kwenye mwavuli wa karatasi, huku muuguzi aliyekwisha kupata ujumbe wa simu akilisubiri uwanjani. Wengi husifu kasi ya ndege hizo, lakini mimi nimevutiwa zaidi na jokofu. Zamani hospitali ya wilaya ililazimika kujiwekea akiba ya damu ya kila kundi kwa hofu ya kupungukiwa, na nyingine ilipitwa na muda ikamwagwa, wakati kuna watu waliojitolea mikono yao kuitoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda katika hospitali zilizohudumiwa na ndege hizo ilipungua kwa asilimia 67.

Kuhusu mkeo, usisubiri kesho hiyo. Hakikisha anahudhuria kliniki kwa ukamilifu. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na mhudumu mara 8 katika ujauzito mmoja. Andika namba 115 ukutani, si kwenye simu yako peke yake, maana huenda siku ya siku wewe na simu yako mko shamba. Akiumwa kichwa kikali, akiona maluweluwe, akivimba uso na mikono, au akitokwa na damu hata kidogo, piga saa ile ile.

SWALI: Shikamoo mama. Ninasomea utabibu, mwaka wa pili. Wenzangu wanasema akili unde itasoma picha, itatambua ugonjwa na itaandika dawa, na kwamba sisi matabibu tutabaki bila kazi. Je, nibadilishe fani?
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba. Usibadilishe. Ni kweli kwamba kuna kazi ambazo mashine imeshaziweza: mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliridhia programu za kompyuta zisome picha za eksirei ya kifua kuchuja kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, hata pale ambapo hakuna mtaalamu wa kuzisoma. Programu hutoa alama tu ya kuonesha mashaka kwamba huenda kuna ugonjwa. Makohozi bado lazima yapimwe, na mtu bado lazima amweleze mgonjwa kwa nini atameza dawa kwa miezi kadhaa.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi yako ni wa Nairobi. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika kliniki 15 za Penda Health, uliohusisha mahudhurio karibu 40,000. Tabibu alifanya kazi yake kama kawaida, na programu ya akili unde ilisoma alichoandika, ikamwashia kijani pasipo na tatizo, njano penye shaka, au nyekundu penye hatari. Waliokuwa nayo, wakilinganishwa na wenzao wasio nayo, walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16 na makosa ya tiba kwa asilimia 13. Hata hivyo, wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, haikuonekana tofauti ya kutegemewa kati ya makundi mawili. Kwa hiyo chombo kile ni msaidizi mwenye jicho kali, na uamuzi ulibaki kwa tabibu.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa teknolojia hawalitaji sana. Programu nyingi hizi zimejifunza zaidi kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa wako atakuja na kusema, "Daktari, nina vichomi." Neno hilo laweza kuwa nimonia, laweza kuwa mbavu zilizochoka kwa kulima, na laweza kuwa moyo. Utajua kwa kumuuliza anashika wapi, kwa kuhesabu pumzi zake na kwa kuweka kiganja kifuani. Programu husoma ulichoandika; usipoandika kwa usahihi, nayo itakosea pamoja nawe. Basi jifunze kuchukua historia ya mgonjwa vizuri kuliko mtu yeyote darasani kwenu.

SWALI: Assalam aleikum. Hospitali ninayokwenda imeacha mafaili ya karatasi na sasa kila kitu kimo katika kompyuta. Siri zangu ziko salama?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Sheria iko upande wako: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na zote mbili huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Una haki ya kuuliza ni nani anayeziona taarifa zako, na ya kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Lakini uvujaji nilioushuhudia kwa macho yangu haukuhitaji mdukuzi. Skrini ya dirisha la dawa huwekwa ikitazama foleni, na jina lako pamoja na dawa zako husomwa na aliyesimama nyuma yako. Mwombe mhudumu aigeuze kabla hujataja namba yako.