Meza Haikutokana na Kumeza

Miaka michache iliyopita niliwatumia jamaa zangu ujumbe niliouokota mtandaoni, uliodai kwamba meza imeitwa hivyo kwa sababu ndipo tunapomezea chakula. Maelezo hayo yalininogea mno hata sikuyatilia shaka, mpaka binamu yangu aliponijibu kwa swali fupi: "Na Wareno je, wao wanamezea wapi?" Nilipofungua kamusi nilikuta kwamba nomino hiyo tuliipata kutoka neno la Kireno "mesa", ilhali kitenzi "kumeza" ni cha Kibantu, na kufanana kwao ni kwa bahati tu. Tangu siku hiyo sisambazi habari ya asili ya neno lolote kabla ya kuitafuta kamusini, hasa inapokuwa tamu kupita kiasi.

Ninalolishauri zaidi kwa anayependa kuchezea maneno, hata hivyo, ni kushika kalamu na kujaribu mwenyewe. Nilipokutana na mchezo wa maneno yanayosomeka sawa kutoka mwanzo na kutoka mwisho, nilihangaika jioni nzima na "kaka" na "dada" kabla ya kung'amua kwamba, kwa kuwa karibu maneno yetu yote huishia na irabu, neno la namna hiyo sharti lianze na irabu ileile. Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi, kwa sababu "ana" ya mwanzo wa kitenzi haibadiliki ukiigeuza, na hivyo nikapata "anakana", "anabana" na "anafana". "Anachana" hupita kwa sikio lakini hukwama kwa herufi. Mimi huikubali, ingawa wapo watakaokubishia mpaka usiku wa manane.

Mengine yatakupita usipoyasoma kwa sauti. Katika "barabara hii iko barabara", maandishi ni yaleyale, ila neno la kwanza huwekewa mkazo kwenye silabi ya tatu na la mwisho kwenye silabi ya pili. "Walakini" nayo, ukihamisha mkazo, hugeuka kutoka "lakini" na kuwa kasoro.

Mimi bado natafuta sentensi nzima inayosomeka pande zote mbili. Iliyo bora miongoni mwa nilizounda ni "Ana ada, ana", ambayo husikika kama mzazi anayemtetea mwanawe mlangoni pa shule.