Jibu: Ogawa alikuwa mwanajudo kweli?
Mkuu, umeuliza kama judo ya Mjapani Naoya Ogawa ilikuwa ya kweli au mbwembwe za mieleka tu. Ya kweli kabisa! Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1987 akiwa na miaka 19, na Barcelona 1992 akapata medali ya fedha. Mieleka alianza Aprili 1997 pale uwanja wa Tokyo Dome, akamshinda nyota wa mieleka Shinya Hashimoto siku hiyohiyo. Ila gumzo lenyewe ni Januari 4, 1999: alimtwanga Hashimoto kwelikweli, si kwa maigizo, hadi watu wa kambi zote mbili wakavamia ulingo. Mpaka leo mashabiki wanabishana nani alimtuma. Alipigana PRIDE pia, mashindano ya Japani ya mapigano mseto (MMA), ya kweli si maigizo. Mwaka 2004 Mrusi Fedor Emelianenko alimmaliza humo chini ya dakika moja, kwa kumbana mkono na kuupinda kwenye kiwiko (armbar).