Maswali ya Wasomaji: Programu imepakuliwa, oda hazirudi

SWALI: Sisi ni vijana wawili wa Ngamiani, Tanga. Tumetengeneza programu ya simu: mama lishe na mahoteli wanaagiza samaki, tunawanunulia soko la samaki la Deep Sea, bodaboda anawapelekea. Kwa miezi mitatu watu 312 wameipakua, ila walioagiza zaidi ya mara moja ni 19 tu. Tuna akiba ya shilingi milioni 3. Tuimalize kwenye matangazo au tufungue na Muheza?

JIBU: Si matangazo, si Muheza. Tangazo litawaletea wengine wa kuja na kuondoka. Wapigieni wote 19, kisha 30 walioagiza mara moja wakanyamaza. Msiwaulize kama programu wameipenda. Watu wa Tanga wana adabu, watasema nzuri. Ulizeni: “Jana samaki ulinunua wapi, saa ngapi, kwa bei gani?”

Tunashuku bei. Ya Deep Sea hujulikana mnadani, vyombo vikishaingia, na nyinyi mnaonyesha ya jana. Mama aliyeagiza usiku akapigiwa alfajiri kwamba changu wamepanda, ameshachelewa kubandika sufuria, na kesho harudi. Acheni kutangaza bei. Mteja aandike kikomo chake, “kilo 5, isizidi 9,000”, kabla ya saa 3 usiku. Ikizidi, hamnunui, na anaarifiwa papo hapo.

Tena msipime kwa wiki. Dagaa na vibua huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti. Mkilinganisha wiki ya giza na ya mbalamwezi mtadhani wateja wamewakimbia, kumbe samaki ndio hawapo. Linganisheni mwezi mwandamo mmoja na mwingine, wala msiajiri kwa hesabu za kaskazi kabla hamjauona kusi.

Sasa hesabu ya oda moja. Tuseme juu ya bei ya samaki mnatoza 1,200 kwa kilo: kilo 5 ni 6,000. Toa bodaboda 3,000, barafu 1,500, makato ya simu 500. Imebaki 1,000. Oda moja ya 45,000 ikiharibika njiani, imekula faida ya oda 45. Mara nyingi chanzo ni ubahili wa barafu. Kwa joto letu wekeni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, ipondwe, ipangwe tabaka kwa tabaka ndani ya deli lenye tundu la kutolea maji. Samaki akilowa kwenye maji ya barafu analegea. Halafu kusanyeni wateja wa mtaa mmoja: oda tatu za Chumbageni kwa safari ya 5,000 ni chini ya 1,700 kila moja. Hapo faida inaonekana.

Programu yenyewe ipumzike. Namba moja ya WhatsApp, SMS kwa wenye kitochi, na daftari vinawatosha wateja 19. Kazi itakayowachosha kuifanya kwa mkono ndiyo muiandikie programu. Muheza tutaizungumza siku wateja wapya 4 kati ya 10 wanaagiza bado wiki ya sita. Kipimo hicho ni chetu, lakini msikishushe.

SWALI: Tuligawana hisa nusu kwa nusu. Baada ya miezi 18 mwenzangu amepata kazi Dodoma. Anaondoka nazo?

JIBU: Kama BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ameandikwa mwenye nusu na hamkuandikiana kingine, ni zake, zungumzeni azipunguze au akuuzie wewe. Wanaoanza leo wamwone wakili kabla ya kusajili: hisa zipatikane kidogo kidogo kwa miezi 48, na anayetoka kabla ya 12 asipate kitu. Kwa mpango huo mwenzako angebaki na 18/48 ya nusu yake, yaani asilimia 18.75 ya kampuni. Angalia pia akaunti ya Google Play, ile ya kulipia dola 25 mara moja, ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani. Ikiwa ni yake, ihamisheni kwenye ya kampuni kabla hajapanda basi.

SWALI: Muuza majokofu anataka kununua namba za wateja wetu. Tumpe?

JIBU: Hapana, labda mteja mwenyewe aridhie. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na anayekusanya taarifa hizo anatakiwa kujisajili kwenye Tume yake. Na daftari la namba lisilale kwa bodaboda.