"Fremu iliyochujwa": imepita au imetupwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika mwongozo wa kusanidi swichi za mtandao (vifaa vinavyounganisha kompyuta) kwa mafundi wanaoanza. Sura moja nimeiita "Upelekaji na Uchujaji wa Anwani". Ndani yake kuna sentensi hii: "Swichi ikipokea fremu inaangalia anwani yake kwenye jedwali, kisha inaipelekea kwenye poti yake au inaichuja." Mwenzangu anasema haielewi, ila hawezi kunionyesha kosa. Nibadilishe nini?

JIBU: Marahaba. Mwenzako hakukosea. Maneno uliyochagua ni mazuri, lakini yamefungamana vibaya.

Kwanza kichwa cha sura. Anwani haipelekwi wala haichujwi. Kinachosafiri ni fremu, yaani kifurushi cha data. Anwani ya MAC, ile namba ya biti 48 inayotambulisha kifaa, ni kitu ambacho swichi inakitazama ili iamue. Ukisema "uchujaji wa anwani", fundi mgeni atadhani jedwali (orodha ya swichi inayoonyesha anwani ipi iko kwenye poti ipi, yaani tundu lipi la waya) ndilo linalopunguzwa. Na kazi hiyo ipo kweli, maana swichi hufuta anwani ambayo haijasikika kwa muda, kwa kawaida sekunde 300. Andika "Kupeleka na Kuchuja Fremu kwa Kufuata Anwani". Kichwa kimerefuka, lakini hakimpotezi mtu.

Sasa "chuja", ambalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu. Maji yaliyochujwa ni yapi? Ni yale yaliyopita kwenye chujio. Taka ndizo zilizobaki. Mgombea aliyechujwa je? Huyo ndiye aliyeondolewa. Waliopita ni wenzake. Kitenzi ni kimoja, kauli ni ile ile ya kutendwa, na maana zinapeana mgongo. Wala hakuna iliyo potofu kati ya hizo mbili, kwa kuwa kuchuja ni kutenganisha, na msemaji ana hiari ya kutaja upande wowote wa kilichotenganishwa.

Katika swichi, fremu iliyochujwa ni iliyotupwa. Chukua kompyuta mbili zilizo nyuma ya poti moja. Moja ikimtumia mwenzake fremu, swichi inaiona, inakuta kwamba inakokwenda ni upande ule ule ilikotoka, basi haiipeleki kokote. Lakini msomaji aliyezoea maji yaliyochujwa ataamini kwamba imepita, na Kiswahili chake kitakuwa sahihi kabisa. Kwa hiyo acha "chuja" litaje kazi nzima, na tokeo liite "kutupwa". Nimependa "tupa" kuliko "zuia" kwa sababu kilichozuiwa chaweza kungoja hadi kiruhusiwe, ilhali fremu hii haingoji, ikishaachwa imepotea.

Fundi anapoweka mwenyewe kanuni ya kuchuja, usimwandikie "fremu za anwani hii". Sema "zitokazo kwenye anwani hii", "ziendazo kwenye anwani hii", au zote mbili. Kosa la hapo linaweza kumfungia mtu asiyehusika.

"Inaipelekea kwenye poti" ipunguze iwe "inaipeleka kwenye poti". Kauli ya kutendea haihitajiki hapo, na isitoshe "pelekea" siku hizi linabebeshwa maana ya kusababisha, matumizi ambayo mimi siyakubali. Wako pia wanaosema swichi "inasambaza" kila fremu. Hapana. Kusambaza ni kueneza kwa wengi, na swichi hufanya hivyo hasa pale isipoijua anwani, au fremu inapokuwa ya wote, yaani imeelekezwa kwa vifaa vyote.

Lililomchanganya zaidi mwenzako, nadhani, ni hili: swichi, fremu, anwani na poti zote ziko ngeli ya I-ZI. Ukiandika "inaipeleka", "i" ya kwanza na "i" ya pili zaweza kuwa yeyote kati ya wanne hao. "Anwani yake" ni ya nani? Ya swichi au ya fremu? Na kila fremu ina anwani mbili: ya ilikotoka, ambayo swichi huisoma ili ijaze jedwali lake, na ya iendako, ambayo huisoma ili iamue. Jedwali peke yake limenusurika, kwa kuwa liko LI-YA. Dawa ni kurudia nomino bila kuona haya. Shuleni tulikatazwa kurudia neno, lakini katika mwongozo wa kazi kurudia ni kumhurumia msomaji.

Mimi ningeiandika hivi:

"Swichi ikipokea fremu, husoma anwani ya iendako fremu hiyo na kuitafuta anwani hiyo kwenye jedwali. Anwani ikiwa chini ya poti nyingine, swichi huipeleka fremu kwenye poti hiyo tu. Anwani ikiwa chini ya poti ile ile ilikoingilia fremu, swichi huitupa fremu. Anwani isipokuwemo kwenye jedwali, swichi huisambaza fremu kwenye poti zote za mtandao wa fremu hiyo, isipokuwa ile ilikoingilia."